Vijana wa Bukoba na Viwakilishi vya Kirusi

Kamati ya jarida hili imeniomba niandike juu ya wale wenzetu waliotoka katika shule hii wakaenda kusoma katika Umoja wa Kisovieti. Historia hiyo ni ndefu, na upande wake wa siasa umekwisha kuandikwa na watu hodari kunishinda. Mimi nitachukua kipande kimoja tu ambacho sijaona mtu akikigusa, nacho ni jinsi kijana aliyetoka kwenye migomba ya Kitendaguro alivyofundishwa kusema "mimi", "wewe" na "yeye" kwa Kirusi. Nayajua mambo hayo kwa kuwa nilikuwa mmoja wa vijana hao. Nilifika Moscow Septemba 1978, na hapana budi wakubwa zangu waliotangulia watanisahihisha pale nitakapopunguza chumvi.

Kwanza napenda kuwakumbusha vijana mlioko madarasani kwamba jambo hili la maneno kubadilisha sura halikuanza kwetu na Warusi. Katika Buhaya lilianza na Kilatini. Mapadri Weupe walipofungua seminari yao Rubya, ambayo leo iko katika Wilaya ya Muleba, watoto wa Kihaya walianza kukaa darasani wakitamka ego, mihi, me, mecum, wakati babu zao nyumbani hawajapata kuona kitabu. Hayati Kardinali Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960 na kuwa Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika nyakati hizi, alipita Rubya. Hata wasiopita seminari walikipata Kilatini kwa sikio. Mtoto yeyote wa Bukoba aliyetumikia misa kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano alilijua neno vobiscum. Ilipokuja misa ya Kiswahili, baada ya mwaka 1963, neno lile moja likawa "nanyi". Watumishi wa misa walilipokea bila shida na hakuna aliyekaa chini kufikiri kwa nini. Sababu ni kwamba lugha zote mbili zilikuwa zimefanya kazi ile ile: zimelichukua neno la "pamoja na" zikaligandisha na neno la "ninyi" likawa kitu kimoja. Tafadhali liwekeni neno hilo kando, maana nitalihitaji.

Safari za Moscow zilianza baadaye sana. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Februari 1960, na mwaka 1961, baada ya Patrice Lumumba kuuawa, kikapewa jina lake. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilianzisha uhusiano na Wasovieti mara moja, na nafasi za masomo zikafuata. Mwalimu alizuru nchi ile mwaka 1969. Kwa hiyo nilipoondoka mimi njia ilikwisha kulimwa. Meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, gari moshi hadi Dar es Salaam, kisha ndege. Mgeni wa kule hakuingia masomoni moja kwa moja. Mwaka mzima wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kirusi, katika kitengo kilichoitwa podfak, ambalo ni neno la mkato lenye maana ya kitivo cha maandalizi. Mwalimu hakujua Kiswahili wala Kihaya, na wengi wetu hatukujua Kirusi hata neno la salamu. Alisimama mbele, akajigusa kifua, akasema "ya". Hapo masomo yakawa yameanza.

Lile neno "ya", yaani mimi, lilidumu siku chache tu kama lilivyo. Baadaye likaanza kugeuka. Ukitaka kusema "hananioni" au "ananiona", si ya tena, ni menya. Ukitaka kusema "nipe", ni mne. Pamoja nami ni mnoy. Juu yangu, katika mazungumzo, ni obo mne. Sura hizo Warusi huziita padeji, na kwa Warusi ziko sita. Neno padeji asili yake ni "kuanguka", nalo limetafsiriwa kutoka Kiyunani kupitia mabwana wa sarufi wa zamani, ambao waliona kwamba neno husimama wima linapotaja mtenda, kisha huanguka upande huu au ule linapopewa kazi nyingine. Wanaisimu wetu siku hizi hutumia neno "uhusika", na naliona neno zuri, maana linatazama kazi badala ya kuanguka.

Majina ya zile padeji sita yana vituko vyake. Ya kwanza ni ya kutaja jina. Ya pili ni ya uzazi. Ya tatu ni ya kupa, nayo kweli hutumika katika kupa. Ya nne, ile ya mtendwa, kwa Kirusi jina lake limetokana na "hatia". Maskini mtendwa! Amepigwa, na juu ya hayo amebandikwa hatia. Wataalamu wanaeleza kuwa Warumi walilichukua neno la Kiyunani lililokuwa na maana ya kisababisho wakalisoma kama shutuma, na Warusi wakalirithi kosa hilo. Ya tano ni ya kufanyia, na ya sita ni ile isiyotembea bila kihusishi mbele yake. Hiyo ya sita jina lake la sasa lilitiwa na Mikhail Lomonosov katika sarufi yake aliyoimaliza mwaka 1755. Lomonosov alikuwa mtoto wa mvuvi wa pwani ya kaskazini ya mbali, aliyetoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa akaenda Moscow kutafuta shule wakati wa baridi. Walimu wetu walipenda sana kutusimulia habari zake, na sisi wa kando ya ziwa tulizisikiliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wenzetu waliosoma Kiingereza kwa bidii walidhani Kiingereza ndicho kitakachowavusha. Kilisaidia kidogo. Lakini mimi naamini, na nimeamini hivyo kwa miaka zaidi ya arobaini, kwamba Mbantu ana mlango wake mwenyewe wa kuingilia Kirusi, na mlango huo uko ndani ya kitenzi. Tazameni Kiswahili. Tunasema "unaona", kwa u-. Lakini "ninakuona", kwa -ku-. Ni wewe yule yule, ila ulipokuwa mtenda ulikuwa u, na ulipokuwa mtendwa umekuwa ku. Tunasema "anapenda", kwa a-, lakini "ninampenda", kwa -m-. Hakuna mtoto wa Kitendaguro atakayesema "ninaapenda" akikusudia mtu wa tatu. Kihaya nacho ni hivyo hivyo, o- na ku-, a- na mu-. Basi Mrusi anapokuambia kwamba wewe ni ty ukitenda na tebya ukitendwa, amekuambia jambo ambalo ulimi wako umelifanya tangu ulipoacha ziwa la mama. Tofauti ni kwamba sisi tumelificha ndani ya kitenzi, na yeye ameliweka nje likasimama peke yake.

Nikaanza kuandika katika daftari kurasa za mkono wa kushoto kwa Kirusi na za mkono wa kulia kwa Kiswahili, na nilipata mambo ya ajabu. Vitabu vya Kiingereza vilieleza kwa taabu kwamba Mrusi hasemi "jina langu ni fulani" bali husema menya zovut, yaani mimi-mtendwa, wanaita. Sisi tunasema "wananiita". Hakuna cha kueleza. Walieleza kwa taabu kwamba Mrusi hasemi "ninapenda kitu hiki" bali mne nravitsya, kwamba kitu kimefanya tendo na mimi nimepokea. Sisi tunasema "kinanipendeza". Kichwa kikiuma, Mwingereza hujifanya mwenye kichwa na maumivu, lakini Mrusi husema kwangu kichwa kinauma, nasi husema "kichwa kinaniuma". Hata ile u menya, ambayo Mrusi huitumia kusema ana kitu, ni "kwangu" yetu: kwangu kuna kitabu. Ukisema u menya peke yake, maana yake ni nyumbani kwangu. Neno "kwangu" la Kiswahili linabeba maana zote mbili bila kubadilisha hata herufi.

Na ile ya tano, ya mnoy, s toboy, s nim, s vami, mnaikumbuka nanyi ya misa? Ndiyo hiyo. Nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao. Kiswahili kimezigandisha, Kirusi kimezigeuza, Kilatini kilifanya yote mawili. Jirani yangu wa Rubya, aliyekuwa mwaka mmoja mbele yangu, alicheka sana nilipomwonyesha ukurasa ule, akasema kumbe tumefunga safari yote hii kuja kukuta vobiscum.

Kulikuwa na pahali ambapo mlango huo wa Kibantu haukufunguka. Pa kwanza ni on na ona, yaani yeye mwanamume na yeye mwanamke. Lugha zetu hazijali. Yeye ni yeye, na a- ni a-. Wanafunzi wa Afrika ya Mashariki walimwita mwalimu wa kike kwa kiwakilishi cha kiume muhula mzima, na walimu walikwisha kuzoea. Pa pili ni kwamba on anapotendwa huwa yego, sura isiyofanana naye hata kidogo. Jibu lake ni la kihistoria, nami nililipata baadaye katika maktaba. Katika Kislavoni cha kale on hakuwa "yeye". Alikuwa "yule", neno la kunyoshea kidole. Kiwakilishi chenyewe cha zamani kilipotea katika sura ya mtenda, na "yule" akaingia kukalia kiti chake, lakini sura nyingine zikabaki za zamani. Hata kwetu jambo hili lipo njiani, kwa maana mtu akisema "yule amekuja" mara nyingi hakusudii umbali wowote, amekusudia "yeye" tu.

Pa tatu ni herufi n inayojitokeza kama mgeni asiyealikwa: yego, lakini u nego, yemu, lakini k nemu. Herufi hiyo zamani ilikuwa mali ya vihusishi. Vihusishi vilipochakaa vikaidondosha, kiwakilishi kikaiokota. Walimu walitutaka tukariri tu. Mimi niliona afadhali kujua.

Tulikuwa katika hali hiyo, wiki sita au saba za Kirusi, vita ilipokuja.

Vijana wa leo mnaisoma Vita vya Kagera katika vitabu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu yote ya nchi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba sehemu hiyo ni yake. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Raia wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia makazi yao. Mkoa wetu wakati huo bado uliitwa Ziwa Magharibi, jina la Kagera ulipewa mwaka 1979. Kwa mtu wa Kitendaguro aliyekaa bwenini Moscow, jambo moja tu lilikuwa na maana: kati ya Kyaka na mlango wa baba yake kulikuwa na mwendo wa saa chache. Habari tulizipata kwa vipande, kwa redio za mawimbi mafupi na kwa maneno ya waliotoka ubalozini. Barua zilichukua wiki nyingi.

Darasani kwangu, meza ya pili kutoka yangu, alikaa kijana wa Uganda, mtu wa Ankole. Kinyankole na Kihaya ni ndugu, na tangu siku ya kwanza tulikuwa tukisaidiana padeji, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, tukielewana vizuri kuliko tulivyomwelewa mwalimu. Baada ya tarehe 1 Novemba tulikaa siku mbili bila kusemezana. Hatukugombana. Kila mmoja hakujua aanze na neno gani.

Mlangoni pa bweni alikaa mama mmoja mzee, mtunza funguo, ambaye sote tulimwita tyotya, yaani shangazi. Alikuwa ameiona vita ya Wajerumani kwa macho yake. Jioni hiyo tuliingia pamoja kwa bahati, mimi na Mnyankole, na tyotya akawa amesikia katika redio kwamba Uganda na Tanzania zinapigana. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaniuliza mimi: "Mwanangu, oni vas ili vy ikh?"

Maneno matano, na kitenzi hamna. Wao ninyi, au ninyi wao? Ukiyaweka hivyo kwa Kiswahili hayana maana, kwa sababu Kiswahili kimeficha mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi, na kitenzi kikiondoka vyote vimeondoka. Kwa Kirusi hayakupungukiwa kitu. Oni ni wao wakitenda, vas ni ninyi mkitendwa. Vy ni ninyi mkitenda, ikh ni wao wakitendwa. Mama yule alitaka kujua nani amemwanza mwenzake, na swali lote lilikuwa katika sura za viwakilishi vinne. Nililielewa mara moja. Nikajibu, "Oni nas." Wao, sisi tukitendwa.

Hapo mwenzangu akasema, kwa sauti ya chini, "Ne oni. On." Si wao. Yeye. Tyotya akanyamaza. Mnyankole akaongeza, "On i nas."

Nawaomba vijana mkae kidogo juu ya maneno hayo matatu. Kama angesema on i my, maana yake ingekuwa yeye na sisi, Amin na Waganda, sote watenda, na kwa hiyo kukiri. Lakini hakusema my. Alisema nas, sura ya mtendwa. On i nas: yeye, sisi nasi ametutenda. Kiswahili cha "yeye na sisi" kisingeweza kuzitenga maana hizo mbili bila kitenzi. Padeji moja ilimtoa kijana yule katika upande wa waliovamia ikamweka upande wa waliovamiwa, pale pale mlangoni, mbele ya mama aliyekuwa na funguo. Kwamba lilikuwa kweli kila Mganda wa miaka ile anajua, maana Amin alikuwa amewaua watu wake kwa miaka saba na zaidi kabla ya kugusa watu wetu.

Siku zilizofuata tukapata hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba, ile ambayo Watanzania wa rika langu wanaijua kwa moyo. Mwalimu alisema kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na kila mara alitaja uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Alisema kumpiga, hakusema kuwapiga. Niliisoma nikiwa na daftari langu la padeji mkononi, na nikamwonyesha Mnyankole ile herufi m. Ilikuwa ni yego, wala si ikh. Mwalimu naye, kwa njia ya kitenzi cha Kiswahili, alikuwa amesema maneno yale yale: ne oni, on. Kuanzia hapo tulirudi kusoma pamoja.

Msidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi kwa wenyeji wetu. Silaha nyingi za Amin zilikuwa za Kisovieti, na mizinga yetu ya roketi iliyokuja kupewa jina la Saba Saba ilikuwa ya huko huko. Sisi wanafunzi tulitazama jambo hilo tukanyamaza, kama wageni wanavyonyamaza mezani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Barua ya baba ilikuwa imekwisha fika tangu Januari. Aliandika kwamba wote ni wazima, kwamba kahawa imevunwa, na kwamba nisome.

Kuna jambo moja la upande wa pili ambalo halistahili kusahauliwa. Wakati sisi tulipokuwa tukihangaika na padeji sita, kulikuwa na Warusi waliokuwa wakihangaika na ngeli zetu, na kwa muda mrefu kuliko sisi. Huko Leningrad Profesa D. A. Olderogge alifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1930, wakati ambapo hapakuwa na Mswahili wa kumsikiliza. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi aliyoisimamia ilitolewa mwaka 1961. Nilikutana na msomi mmoja wa kike wa Kiswahili katika mwaka wangu wa tatu. Alinieleza kwamba kitu kilichompa taabu si ngeli, ambazo zinaweza kukaririwa, bali ni kule kutojua mtu wa tatu ni mwanamume au mwanamke hadi hadithi inakwisha. Nilimwambia kwamba hata sisi hatujui, na mara nyingi hatuulizi. Hilo alikataa kabisa kuliamini.

Chuo kiliacha jina la Lumumba mwaka 1992, Umoja wa Kisovieti ulipokwisha kuvunjika, na kimerudishiwa jina hilo mwaka 2023. Nafasi za masomo bado zipo, na nimeambiwa kwamba wapo wanafunzi wa kidato cha sita wa shule hii wanaoziomba. Kwa hao nina jambo dogo la kazi. Msianze na jedwali la padeji lililobandikwa ukutani, maana linatisha. Andikeni vitenzi ishirini vya Kiswahili vyenye kiambishi cha mtendwa, ananiona, ananipa, ananiandikia, ananicheka, inanipasa, kisha kila kimoja mkiulizie Kirusi chake. Mtakuta ananiona ni menya na ananipa ni mne, ilhali Kiswahili kimetumia -ni- ile ile kwa vyote viwili. Ananicheka itawashangaza, kwa kuwa Mrusi hucheka juu ya mtu, na kiwakilishi kinakwenda katika padeji ya tano: nado mnoy. Daftari langu lilifikia vitenzi mia na kumi na sita. Mnyankole alinakili lote, akaongeza vya kwao, na nakala hiyo alikwenda nayo Mbarara.